Surtibai Jamra, Aliyesimama Mahali pa Jiwe

Wasifu huu umesomwa mbele ya ukoo, majirani na wageni, Neemphaliya, Jumatano tarehe 20 Septemba 2023, siku ya kumi na mbili tangu kifo chake.

Marehemu Surtibai Jamra alizaliwa Borkund, kijiji cha milimani kusini mwa mto Narmada, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Dedya Sastiya na mkewe Bi Reliya. Kitambulisho chake cha kupigia kura kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1953. Tarehe hiyo aliibuni karani mmoja aliyekuwa na haraka. Mama yake alisimulia kwamba alimzaa asubuhi moja ya msimu wa kuokota maua ya mti wa mahua, yakidondoka chini na kikapu kikiwa nusu, na kwamba alipumzika kidogo, akakijaza kikapu, ndipo akarudi nyumbani na vyote viwili. Basi itakuwa ni Machi au Aprili. Watu walipobishana juu ya umri wake, marehemu alikuwa akisema, "Andikeni mtakavyo. Serikali ikishaandika, hata mimi mwenyewe siulizwi."

Mwezi Mei 1970 aliolewa na Raysingh Jamra wa hapa Neemphaliya, kitongoji cha nyumba kumi na moja kwenye mteremko juu ya mto. Raysingh alikuwa mtu mkimya. Vijana wenzake walimtania kwamba kwa siku husema maneno matatu, na la tatu ni jina la mkewe. Walilima mahindi na mtama mteremkoni, na maji yalipopungua walipanda matikiti kwenye mchanga wa mto. Raysingh alitega nyavu. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, Vesta, alifariki mwaka 1974 akiwa na miezi saba. Wa pili alifariki mwaka 1978 kabla hajapewa jina. Wa tatu ni Ramtudi, aliyezaliwa Novemba 1981, ambaye yupo hapa nasi leo.

Mwezi Februari 1983 walikuja wapimaji wenye fito na darubini. Walipanda juu, zaidi ya nyumba zote, wakasimika jiwe lenye kimo cha goti, wakalipaka rangi nyekundu na kuandika kitu kwa rangi nyeupe. Marehemu aliwapelekea maji ya kunywa akawauliza ni nini. Wakamjibu, "Kazi ya serikali, mama." Wakanywa, wakaenda zao. Hawakusema kwamba bwawa litajengwa huko chini, wala kwamba maji yatarudi nyuma bondeni yapande mpaka hapo. Kwa watu wa hapa, jiwe lililosimamishwa likapakwa rangi nyekundu lina mwenyewe ndani yake, yaani mungu. Mtu hapiti hapo bila kuinamisha kichwa.

Mwezi Juni mwaka huo Ramtudi alishikwa na homa. Siku ya nane hakuweza hata kulia, na mama yake alikuwa ameshayaona hayo mara mbili. Alimbeba akapanda naye mpaka kwenye lile jiwe, akalimwagia maji, akalipaka mafuta na unga mwekundu. Raysingh alimfuata.

"Hilo si la serikali, mke wangu?"

"Serikali imelileta tu. Aliyekaa ndani hajaletwa na mtu."

Aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona, atalishusha jiwe lile karibu na maji ili lisikose kuoshwa hata siku moja. Kesho yake mtoto alikunywa maji ya wali. Marehemu hakuwa mtu wa kuahirisha nadhiri. Waling'oa jiwe kwa mtaimbo, akalitwika kichwani, akashuka nalo kupita nyumba zote kumi na moja hadi chini ya mti wa mahua kwenye njia ya mtoni. Na hili lisemwe wazi, kwa kuwa baadaye lilisahauliwa kwa makusudi: kitongoji kizima kilimsindikiza. Ngoma zilipigwa. Aliyechinja jogoo ni Mzee Jhetra, kaka mkubwa wa Raysingh na mkuu wa kitongoji.

Karani wa ardhi alikuja Desemba 1986 kuandika nyumba zitakazozama. Alisimama kwenye jiwe, akatazama chini kuelekea mtoni, hakuona nyumba. Nyumba zote zilikuwa nyuma yake. Alikula mkate wa mahindi na dengu kwa Jhetra, akasifu pilipili, akaandika kwamba chini ya alama ya Neemphaliya hakuna nyumba hata moja. Hakujiuliza kwa nini alama ya kupimia maji imevaa shada la maua. Kwa mstari mmoja wa kalamu, kaya kumi na moja zikawa hazitazama, na asiyezama hapewi shamba mahali pengine. Kufuta mstari ule kumegharimu maisha mazima ya mwanamke mmoja.

Kazi ya marehemu, ukiacha shamba, ilikuwa kulipigania bonde hili. Aliingia katika harakati mwaka 1988, vijiji vilipoanza kukusanyika kulipinga bwawa. Masharti yalikuwa matatu: hakuna kupiga, hakuna kutukana, hakuna kukimbia. Aliyashika yote. Mwaka 1991 alikamatwa pamoja na wanawake arobaini waliokaa barabarani kuzuia malori ya saruji, wakawekwa rumande siku tatu. Alipenda kusimulia jinsi afisa alivyouliza kiongozi wao ni nani, wote wakamwonyesha Bi Jhumki, ambaye alikuwa kiziwi, na ambaye kila alipoulizwa swali alimjibu afisa, "Na wewe mwanangu, umekula?" Siku ya tatu afisa aliwafungulia mlango mwenyewe.

Elimu aliipata akiwa na miaka arobaini na moja. Utotoni shule ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu na haikumhusu msichana. Mwaka 1994 harakati zilifungua shule yao katika kibanda cha nyasi, na marehemu akakaa mbele kabisa, magoti yake yakiwapita watoto wa miaka saba kwa kimo. Alianza na tarakimu, maana alisema zenyewe ni kumi tu na zinajulikana mwisho wake. Mwezi Oktoba, alipokuwa akiliosha jiwe kama kila asubuhi, gamba la mafuta ya miaka kumi na moja lilibanduka na akaona kitu anachokijua. Ilikuwa moja. Akakwaruza kwa ukucha. Tano. Mbili.

Alimwita Mwalimu Lata wa shule ile aje kuona. Mwalimu alifungua ramani ya harakati, akatazama jiwe, akatazama nyumba.

"Shangazi, mita mia moja hamsini na mbili kutoka usawa wa bahari ndipo maji yatakapofika bwawa likijaa. Hili linatakiwa liwe huko juu, nyuma ya nyumba zenu. Nani kalileta huku?"

Marehemu alijibu kwamba ameacha chungu jikoni.

Alinyamaza miezi mitano. Hatutamficha aibu hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuificha. Mwezi Machi 1995, mkutanoni, iligundulika kwamba Neemphaliya haimo katika orodha ya watakaozama. Watu walihitimisha kwamba karani alinunuliwa, na vijana wakapanga kwenda kumpigia kelele za matusi mlangoni kwake. Marehemu akasimama.

"Msimtukane mtu wa watu. Jiwe nililishusha mimi."

Kwanza walicheka. Nanla, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, akasema, "Kumbe mungu wetu ni karani wa serikali! Miaka yote hii tunampa nazi." Kisha mmoja mmoja akaelewa, na kicheko kikafa. Mama mmoja akasema, "Mtoto wako alipona, Surti. Wetu watalala wapi?" Mzee Jhetra alisimama akatamka hukumu ya kimila: kuanzia siku hiyo hakuna atakayekunywa maji kwenye mtungi wa Surtibai, wala kumpa moto, wala kumwalika kwenye harusi au msiba. Raysingh alikuwa huru kubaki na ndugu zake. Alitumia maneno yake matatu ya siku ile. Alisema, "Twende nyumbani, Surti."

Tangu hapo marehemu alitaka kitu kimoja tu, na kila mtu alijua ni kipi: nyumba zile kumi ziandikwe. Hakuomba kusamehewa.

Tarehe 11 Aprili 1997 alikuja mkaguzi wa malalamiko. Alisema haoni namba yoyote, anaona sanamu. Marehemu alikwenda nyumbani akarudi na mundu. Mbele ya watu wote, alimkwangua mungu aliyemponya mwanawe. Gamba lilitoka kwa vipande vyekundu vyenye unene wa kidole. Wanawake walijifunika nyuso. Namba ilipoonekana yote, aliosha mundu, akauweka chini.

Mkaguzi aliandika maelezo, kisha akasita. "Mama, unajua ukitia sahihi hapa unajishtaki? Kung'oa alama ya serikali ni kosa. Nyumba yako haitafikiriwa tena."

"Na zile kumi?"

"Hizo zitafikiriwa."

"Nipe kalamu."

Hakuwa amewahi kuandika jina lake kwa wino. Mkaguzi alitazama saa mara mbili kabla hajamaliza.

Jibu lilikuja baada ya mwaka mmoja. Lilikiri kwamba jiwe lilihamishwa, lakini likasema hakuna ajuaye lilitoka wapi hasa, na kwamba neno la mwanamke mmoja si kipimo. Ndipo marehemu alipofanya jambo ambalo limemfanya ajulikane bonde zima. Alikwenda kusimama pale palipokuwa na jiwe.

Kila msimu wa mvua, vijiji vya mtoni vilisimama ndani ya maji. Watu waliingia mpaka kiunoni, mpaka kifuani, wakashikana mikono, na serikali ikalazimika ama kuwatoa ama kuwatazama. Watu wa Neemphaliya nao walisimama, kule chini. Marehemu alisimama peke yake juu ya kilima, penye ukavu, nyasi zikimfika magotini, kuanzia Julai 1998 na kila mwaka baada ya huo, tangu asubuhi hadi ng'ombe warudipo. Alikuwa kituko. Waliopita na mashua walimpigia kelele, "Bibi! Maji yako huku chini, wewe unaoga jua?" Aliwajibu, "Yatakuja." Watu wa harakati walimsihi ashuke ajiunge na wenzake, wakasema wataongea na Jhetra. Alikataa. "Waacheni. Wana haki yao. Mimi nina pa kusimama."

Raysingh alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Machi 2001. Waliombeba ni watu wa vijiji vingine. Jhetra alisimama mlangoni kwake akiwa amevua kilemba, akautazama mwili wa mdogo wake ukipita, hakutoka. Baada ya hapo marehemu aliishi peke yake. Ramtudi alikuwa ameshaolewa Borkund. Anasema mama yake alianza kuongea na mbuzi, na kwamba ilikuwa mazungumzo kweli, kwa kuwa alinyamaza kusubiri majibu.

Ukuta wa bwawa uliinuliwa hatua kwa hatua, na mwezi Agosti 2013 maji yalikuja. Yalifika milangoni tarehe 9. Tarehe 13 yalimgusa marehemu vidole vya miguu, mahali alipokuwa akisimama kwa miaka kumi na tano. Hakutoka. Alisimama siku kumi na tisa, akitoka kula na kulala kidogo tu kwenye mwamba mkavu hatua tatu nyuma yake. Chini yake watu wa kitongoji walishikana mikono mbele ya mapaa yao, na maji yalivyopanda nao wakarudi nyuma, juu, siku kwa siku, hadi mstari wao ukawa sawa naye. Walikuwa watu thelathini na wanane. Kati ya mkono wa mwisho na mkono wa marehemu paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Siku zote zilizobaki nafasi ile haikuzibwa.

Siku ya kumi na tisa boti la serikali lilikuja na mhandisi kijana. Alimwamuru atoke. Marehemu akamwambia, "Nitatoka. Pima kwanza hapa nilipo."

"Mama, nimekuja kuokoa watu, sikuja kupima."

"Ndiko kutuokoa huko, mwanangu. Pima."

Kijana alipima, labda kwa kumridhisha. Akapima tena. "Ni mia moja hamsini na mbili, kasoro vidole vinne. Umekosea kidogo, mama."

"Sijakosea. Nimesimama hapa miaka kumi na tano, udongo umeshuka."

Mhandisi aliandika kipimo kile, akaweka sahihi. Hatulitaji jina lake kwa kuwa angali kazini, ila tunamshukuru. Kwa karatasi yake, tarehe 27 Januari 2015, amri ilitolewa kwamba kaya kumi za Neemphaliya ziandikwe kuwa zimezama na zipewe ardhi. Kaya ya kumi na moja ilikataliwa, kwa kuwa mwenye nyumba alikiri kwa sahihi yake kung'oa alama. Walimtumia nakala. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika kwenye kumi alirudia mara mbili.

Malori yalikuja Februari 2016. Watu walipakia vyombo, milango, mbuzi. Marehemu alikaa mbele ya kibanda cha mabati alichojenga huko juu baada ya nyumba kuzama, akawatazama. Injini zilikuwa zimeshawashwa Bi Thuni, mke wa Jhetra, alipopanda mteremko akihema, akasimama mbele yake.

"Mdogo wangu, nina kiu."

Ilikuwa miaka ishirini na mmoja tangu hukumu ile. Marehemu alimpa maji ya mtungi wake. Bi Thuni akayanywa yote, akamwambia, "Mzee anasema..." halafu akashindwa kusema mzee anasema nini, akashuka. Ndani ya lori Jhetra alikuwa ametazama mbele. Bi Thuni alifariki mwaka uliofuata, huko kwenye makazi mapya.

Miaka saba marehemu aliishi kilimani hapa bila jirani. Msimu wa mvua maji yalimzunguka pande tatu. Ramtudi alimwomba ahamie Borkund kila alipokuja na unga. Jibu lilikuwa lile lile: "Nikiondoka, wataandika kwamba hapa hapakuwa na mtu." Kila Julai aliendelea kusimama, sasa kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Alipeleka maombi matano. Ombi la tano lilirudishwa Julai mwaka huu likiwa na maneno manne: Neemphaliya haina wakazi tena. Walioandika hivyo wana macho, wana boti, na wana kitambulisho chake kwenye faili. Kama hilo si wizi, basi lugha yetu haina neno lake.

Miguu yake haikupona tangu mwaka 2013. Ngozi ilipasuka na vidonda vilirudi kila msimu. Juni 2022 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, akatumia dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Tarehe 3 Septemba mwaka huu alipata homa. Ramtudi alifika tarehe 5 na mashua ya kumpeleka hospitali, marehemu akakataa kupanda. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa amekalishwa mlangoni kwa ombi lake, uso ukielekea majini. Mahali petu pa kuchomea maiti pamezama, hivyo mwili wake ulichomwa siku hiyo hiyo mteremkoni. Waliokuwepo ni watu sita.

Leo tumekuja wengi. Asubuhi hii zimefika mashua tatu kutoka makazi mapya, na wanaume wa kaya zote kumi wameshuka wakiwa wamenyoa vichwa, kama anavyonyoa mtu aliyefiwa na wa ukoo wake. Mzee Jhetra, mwenye miaka themanini na sita, alipandishwa mteremko huu kwa kubebwa mgongoni. Ameomba kwamba katika orodha ya wafiwa nyumba yake isomwe pamoja na ndugu. Tumekubali. Hatutasema uongo mbele ya majivu ya marehemu: mmechelewa. Alikuwa akiwaona mnapopita na mashua, na aliwajua wote kwa jinsi mnavyopiga kasia.

Marehemu Surtibai ameacha binti mmoja, Ramtudi, mkwe mmoja, Gulab, wajukuu watatu, na kaya kumi za Neemphaliya zenye mashamba: ya Jhetra, ya Nanla, ya Khumsingh, ya Bhaydia, ya Dongarya, ya Chhitu, ya Ratansingh, ya mjane Thavli, ya Kuvarsingh, na ya watoto wa marehemu Jhumki.

Narmada Mama ampokee. Apumzike kwa amani Surtibai, binti wa Dedya, mke wa Raysingh, mkazi wa Neemphaliya.